Haya ya Uso

Komora mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Mchana umekula samaki ukaniachia kichwa na mkia, kwa hiyo u mzima. Sasa umekwenda Garsen kuwaaga wenzako, na mimi nimekaa hapa mlangoni na karatasi nilizochana katikati ya daftari lako la zamani. Giza halijaingia bado. Naona vizuri ninachoandika, usije ukasema baadaye kwamba mama aliandika huku anasinzia, hakujua anasema nini.

Sitakuandikia uchemshe maji ya kunywa, wala usimwonyeshe mtu pesa zako stendi. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyaitikia kabla sijayamaliza. Nataka kuandika jambo moja lililonikaa kooni tangu Jumapili, nalo ni kwamba sitaki kuhamia Ngao kwa mjomba wako.

Basi, nimeliandika. Kinywani lilikataa kutoka. Jumapili ulikaa kati yangu na kaka yangu Maro ukapanga kila kitu vizuri: kesho asubuhi wewe upande basi kwenda Mombasa kuanza kazi, na Maro aje na pikapu achukue kitanda changu, sufuria zangu na kuku, nikaishi kwake, kwenye nyumba iliyoinuka, hospitali karibu. Kisha ukanigeukia. "Sivyo, Mama?" Mimi nilikuwa nasonga sima. Maro akasema, "Dada hana neno." Mkapeana mikono, na mimi nikawapakulia chakula. Kumbe neno nilikuwa nalo, ila mlikwisha kulimaliza kabla sijalianza.

Najua kwa nini umefanya hivyo. Hukufanya kwa ubaya. Maji ya mafuriko ya mwaka juzi yalipopanda mpaka dirishani, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi, na mimi nakupiga mabegani nikidai kuku wangu. Tangu hapo goti langu halijapona, na wewe mvua ikinyesha hulali. Nakusikia ukiamka kwenda kutazama nje. Unaogopa kwamba ukiwa Mombasa maji yatarudi na mgongo wa kunibeba hautakuwepo. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, na mimi ninayo pia.

Lakini kesho unakwenda kuwatunza wazee wa watu, kazi ileile niliyoifanya mimi Garsen ulipokuwa mdogo. Wewe umesomea. Umerudi na cheti na maneno mapya, na jioni zile ulizokuwa ukinisomea vitabu vyako nilicheka sana uliposema siku hizi mzee anaitwa mteja. Nikakuuliza kama anakuja kununua sukari. Ulikasirika kidogo. Ukanieleza kwamba mteja ana haki zake: kuulizwa, kuelezwa, kukataa, kuheshimiwa mwili wake. Nikaacha kucheka, lakini wewe hukuona, ulikuwa unafungua ukurasa mwingine.

Sisi hatukuwa na wateja. Tulisema "wazee wetu", na hilo "wetu" ndilo lililotuponza. Kitu chako unakiosha unapotaka na unakiweka unapoona panakifaa.

Umekua ukisikia watu wakinisifu kwa ajili ya Mzee Barisa. Mpaka leo nikipita sokoni Garsen kuna watu husema, "Huyu mama alimwosha yule mzee Muorma kama anaosha mtoto wake." Nawe ulikuwa ukitembea kifua mbele kwa sifa hiyo. Uliniambia ndiyo iliyokufanya uchague kazi hii. Kwa hiyo nakuomba uisikie vizuri, maana walioisimulia hawakuwa ndani ya chumba, na mimi niliyekuwa ndani sikuwahi kuwakatiza. Sifa ni tamu, mwanangu.

Mzee Barisa alikuwa mtu wa ng'ombe. Ukame ulimmalizia karibu wote, wanawe wakaenda mbali na ng'ombe waliobaki kutafuta majani, na yeye akaanguka, upande mmoja wa mwili ukafa. Jamaa zake wakamleta kwenye ile nyumba ya wazee iliyokuwa Garsen, ambayo siku hizi imefungwa. Alikuwa mrefu hata alipolala. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia dume na kuulizia bei ya chai, basi. Mimi Kiorma changu kilikuwa kidogo kuliko hicho.

Nilipewa nimtunze yeye. Kila asubuhi nilichukua beseni, sabuni na kitambaa, nikamvua kikoi, nikamwosha mwili mzima. Siku za jua zuri nilimtoa barazani, kwa sababu ndani palikuwa na unyevu na nilitaka ngozi yake ikauke vizuri isipate vidonda. Waliopita waliona. Nilikuwa na mikono myepesi, nilijua kumgeuza bila kumwumiza, na mikononi mwangu hakupata kidonda hata kimoja. Hilo la vidonda nalisema kwa majivuno hata sasa.

Na kila asubuhi nilimwuliza. Hapo ndipo nilipojiona bora kuliko wenzangu, maana wao hawakuuliza. Nilisema, "Mzee, tuoge?" Naye akageuza uso ukutani akasema polepole, "Haya." Nikamwaga maji. Nikishika fundo la kikoi anasema tena, "Haya, haya." Nikamjibu kwa furaha, "Haya baba, twende kazi!" Mara nyingine alilisema mfululizo mpaka nilipomaliza, haya, haya, haya, na mimi nikawaambia wenzangu jikoni kwamba mzee wangu ndiye mwepesi kuliko wote, hana ubishi.

Baadaye akaacha kunywa. Kwanza aliacha chai, kisha maji, kisha hata maziwa, na Muorma akikataa maziwa ujue kuna jambo. Midomo ikapasuka. Nilimletea uji mwepesi, nikamshika kidevu nikamnywesha kwa kijiko, akaubana mdomoni mpaka ukamtoka pembeni. Tulidhani ugonjwa umemgeuka. Msimamizi wetu akasema tumtayarishie safari ya hospitali. Mimi nilikuwa na hasira naye, Komora. Nilimpa mikono yangu yote na yeye anataka kunifia. Asubuhi moja nikaweka beseni chini kwa kishindo.

"Mzee, unanichosha! Kama unataka kufa, sema!"

Akanitazama. Hakuwa na mazoea ya kunitazama. "Mimi hapana taka kufa," akasema.

"Basi kwa nini hunywi?"

"Nikikunywa, nitakojoa. Nikikojoa, wewe nakuja na maji." Akapumzika. "Kiu mzuri kuliko haya."

"Haya gani?"

Akafunga macho, kama mtu anayepanga maneno machache aliyo nayo ili yatoshe. "Haya ile ya twende, hiyo moja. Haya ya uso, hiyo ingine. Mimi nasema ya uso. Kila siku nasema. Wewe nasema twende."

Nilikuwa nimeshika kitambaa kinachotiririka maji, na maji yale yakanilowesha miguu. Mzee wa watu, aliyeamua kesi za ng'ombe na ndoa mbele ya wanaume wenzake, alikuwa akivuliwa nguo barazani na mwanamke wa umri wa binti yake, na neno moja la Kiswahili alilolipata la kunizuia lilikuwa haya. Aibu. Stara. Mimi nikalisikia kama ruhusa. Mtu wa Kipini, kule pwani, aliyezaliwa na Kiswahili asingekosea hivyo, kwa sababu angemtazama uso. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu.

Ungedhani hapo nilibadilika. Hapana, hapo ndipo nilipozidi kuharibu. Alisema anataka aoshwe na mwanamume. Mwanamume pekee pale alikuwa Dida, aliyetuchanjia kuni na kutuchotea maji, mtu mwema lakini mzito wa mikono kama shoka lake. Nilikataa. Nilikwenda kwa msimamizi nikasema Dida atamwangusha, atampa vidonda, hajui kugeuza mtu. Yote yalikuwa kweli. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Mzee alikuwa wangu. Sifa ilikuwa yangu. Nilisema ni kwa usalama wake, na neno usalama ukilitamka mbele ya mkubwa hakuna anayekubishia, kwa hiyo mzee akakaa na kiu yake siku nyingine zaidi kwa sababu mimi nilitaka kubaki mwema.

Aliyemaliza ubishi alikuwa mzee mwenyewe. Nilipokuja na beseni aliukunja mkono wake ulio mzima juu ya fundo la kikoi akaukaza. Ningeweza kuufungua. Alikuwa amekonda, na mimi wakati huo nilikuwa na nguvu za kubeba gunia la mpunga. Nikasimama pale nikiujua uwezo wangu, na nikaogopa. Nikamwita Dida.

Dida alimwosha vibaya. Nilikuwa nje ya mlango ulioegeshwa, nasikia maji yakimwagika sakafuni na Dida akiomba msamaha. Sabuni ilibaki masikioni. Mgongo haukukauka. Walipomaliza, Mzee Barisa akaomba maziwa, akanywa bakuli zima, akaomba jingine. Nikaketi jikoni nikalia, na usidhani nililia kwa huruma. Nililia kwa sababu alioshwa vibaya akafurahi, na mimi nilimwosha vizuri akataka kiu.

Nikamfundisha Dida kumgeuza. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwangu, kumfundisha kutoka nyuma ya mlango, yeye akiuliza na mimi nikijibu. Sijui kama imeandikwa kwenye vitabu vyako. Mzee alipata kidonda kimoja nyongani kabla Dida hajaizoea kazi. Kilipona. Alikaa nasi muda mrefu baada ya hapo, na tulizoeana sana, tukawa tunapiga soga nikimletea chai, yeye na Kiswahili chake cha mnadani. Aliniita mtani. Hakuna anayeisimulia sehemu hiyo sokoni.

Sasa usiondoke na fundisho nusu, maana mimi niliondoka nalo nusu nikamwumiza mtu mwingine. Baada ya Mzee Barisa nilijiapiza kwamba mzee akisema hapana, ni hapana. Akaja Bibi Rehema, mkulima wa huku huku mtoni, na jeraha la jembe mguuni. Nilimwuliza, "Bibi, nikusafishe?" Akasema hataki. Nikasema sawa, nikaenda zangu. Kesho yake nikauliza, hataki, nikaenda zangu. Nilijiona mtu aliyeelimika. Jeraha likatoa harufu, na mwishowe akapelekwa Ngao hospitali akakatwa vidole.

Nilikwenda kumwona. Nikamwuliza kwa nini alikuwa anakataa. Akasema, "Nilikuwa naogopa ile dawa inayochoma. Nilingoja uniulize naogopa nini." Sikuwahi kuuliza, mwanangu. Nilikuwa naiita haki yake, kumbe ilikuwa wepesi kwangu, nilipata kuwahi kwenda kutafuta kuni za nyumbani. Ningeketi kitandani pake kidogo tu, ningesikia. Kuna maji ya chumvi, kuna kupuliza, kuna kumshika mkono, kuna njia. Alitaka akatae dawa, hakutaka niondoke.

Hapo katikati, baina ya Barisa na Rehema, ndipo utakapofanyia kazi, na hakuna atakayekuonyesha mstari. Mimi miaka yote ile sikuuona vizuri. Nilichojifunza ni kuketi kwanza. Ukimwuliza mtu huku umesimama na beseni mkononi, hujamwuliza, umemtangazia. Na ukimwuliza mbele ya watu umemfunga mdomo.

Unaona sasa ninaporudi.

Uliniuliza mbele ya Maro, nikiwa na mwiko mkononi, na gari limekwisha kuagizwa.

Nikuambie kilicho Ngao. Baada ya mafuriko tulipokaa kwa mjomba wako, wewe ulikuwa ukishinda nje na vijana, hukuona. Mke wa Maro ni mwanamke mwema, na namwogopa kwa wema wake. Nikishika ufagio anaupokonya. Nikiteremka shambani mtoto anatumwa anirudishe. Chakula napakuliwa wa kwanza, kingi, na wote wananitazama mpaka nimalize. Wageni wakija wanaelezwa habari za goti langu na mimi nimeketi hapo hapo, "anaumwa sana usiku, siku hizi hata haja ni taabu," na wageni wanatikisa kichwa wakimwangalia yeye, si mimi. Hakuna aliyenikosea neno. Lakini kila jioni nilikuwa nahesabika mdogo kuliko asubuhi. Nilikaa kule nikajua Mzee Barisa alikuwa anatazama nini ukutani.

Hapa Idsowe nina mlango. Naufunga ninapotaka. Nikiamua kula ndizi usiku na kulala bila kuoga, hakuna kikao. Nina vijaruba vyangu viwili vya mpunga ambavyo navipalilia nikiwa nimeketi, polepole, na jirani yetu Mama Jilo ananicheka ninavyosota. Ni aibu yangu na kicheko changu.

Nitakuwa mpweke. Hilo nalijua kuliko unavyolijua wewe. Tangu uondoke leo alasiri nimeuonja upweke huo, nao ni mchungu. Nilisikia kuku akiruka nyuma ya nyumba nikasema, "Komora, mtazame huyo," kisha nikainuka kumtazama mwenyewe. Baba yako alipokufa nilidhani nimezoea, kumbe nilikuwa nimekuzoea wewe. Nitakula nikitazama mlango. Naogopa maji, naogopa kuanguka, naogopa zaidi siku nitakayoita na Mama Jilo yuko shambani. Sikuandikii kwamba mambo yatakuwa mazuri. Ninaandika kwamba nimeyatazama yote hayo nikiwa na akili zangu, na nimeyachagua.

Wala sisemi uniache. Kumbuka Rehema. Fikiri nami, nitakusikiliza. Mvua zikianza vizuri, nitakwenda kwa Maro kabla mto haujajaa, kwa miguu yangu, na mto ukishuka nitarudi. Hilo nimeliwaza leo nikakuta naweza kulikubali. Mama Jilo amesema binti yake anaweza kulala hapa, nami nimesema aje tuzungumze kwanza, nione kama anakoroma. Fimbo uliyonichongea nitaitumia, ingawa inanifanya nionekane bibi. Na ukija likizo uniulize tena habari ya Ngao. Huenda siku hiyo nikasema ndiyo. Lakini uniulize tukiwa wawili, uketi, na pikapu iwe haijaja.

Asubuhi nitamwambia Maro mimi mwenyewe. Atakasirika kwa ajili ya mafuta ya gari, kisha atasema wewe ndiye uliyepanga, kisha atakutazama ili uniamulie. Hapo, mwanangu, usinitetee wala usimwombe radhi kwa niaba yangu. Sema tu, "Mjomba, mwulize mwenyewe." Ukiweza kulisema hilo kwa mama yako, ambaye unampenda na unamwogopea, basi utaliweza kwa wazee wa Mombasa ambao huwajui. Na usipoliweza kwangu, cheti kile kiache hapa nikifunikie chungu.

Kisha nitakusindikiza mpaka stendi ya Garsen. Goti litalalamika, tuliache lilalamike. Basi likianza kuondoka nitalia, hilo siwezi kulizuia, na nitalia kwa sauti maana najijua. Utaniona dirishani nimejishika kichwa, peke yangu kati ya mizigo ya watu. Utataka kushuka. Utataka kumwita Maro.

Usishuke. Nitakuwa nalia, Komora, na nitakuwa nimesema hapana. Yote mawili ni yangu.

Mimi mama yako,
wa Idsowe.